Nasaba na Moshi
Baridi yabisi ya viungo, ambayo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, huzuka pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Mwaka 2006, Profesa Lars Klareskog na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walieleza kuwa wavutaji sigara waliorithi jeni fulani kwa wazazi wote wawili wana hatari mara 21 ya kupata aina moja ya maradhi haya, wakilinganishwa na wasiovuta wala kurithi jeni hizo. Nasaba hatuichagui, moshi twaweza kuuepuka. Basi, mama zetu, vidole vikivimba na kukakamaa asubuhi, tusimsingizie jirani husuda. Twende kwa daktari mapema, viungo visije vikaharibika. Na mwenye kuvuta aache: mwili ni amana.