Umeme Uliokosa Njia ya Kurudi

Washa indiketa ya kushoto kwenye Land Rover ya zamani uone: taa nyekundu za nyuma nazo zinacheza, hafifu, na hakuna aliyegusa swichi wala breki. Mwenye gari atanunua balbu, halafu swichi, kisha ataambiwa nyaya zote zing'olewe. Mimi ningeanza na ethi.

Kila taa hupelekewa umeme kwa waya wake, lakini umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chesisi; njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Ethi ya pamoja ya taa za kona ya nyuma kushoto ikikatika, umeme wa indiketa hupenya kinyumenyume ndani ya balbu ya jirani, ukaufuata waya wake hadi taa ya upande wa pili ambako ethi ni nzima. Huko njiani unawasha kila unachokipitia.

Land Rover zina asili ya tatizo hili. Zilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, basi bodi ikawa ya aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, kama hewa ya Tanga au Mombasa, alumini inalika na kuacha unga mweupe chini ya bolti. Unga huo haupitishi umeme. Rangi nayo haipitishi, ndiyo maana gari lingine huanza vituko siku linapotoka kupigwa rangi.

Injini ni kesi nzito zaidi. Imekalia raba, hivyo hutegemea waya mmoja mnene wa kusukwa kuiunganisha na chesisi. Stata huvuta ampea 150 au zaidi. Ukinzani wa omu 0.02 tu kwenye kiungo hicho unameza volti 3. Stata inaguna, betri inalaumiwa bure. Waya ukikatika kabisa, umeme hurudi kwa kebo ya choki, nayo hupata moto hadi kutoa moshi.

Usipime kwa omu. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili utasoma karibu sifuri, kwa kuwa kipimo hupitisha mkondo mdogo mno. Weka kwenye volti: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibanio chake, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Chini ya nusu volti, ethi ni nzima. Ikisoma 2, sogeza ncha ya upande wa injini kiungo baada ya kiungo kurudi kwenye betri. Pale namba inapoporomoka umempata mchawi. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi.

Ila kwanza tazama betri imefungwaje. Kwenye magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na Land Rover za awali, upande wa chanya ndio uliokwenda kwenye chesisi, na altaneta ya kisasa ikifungwa humo bila kugeuza nguzo za betri, diodi zake zinaungua papo hapo.