Mshahara wa Wapagazi wa Kariakoo

Watu wengi wafikao Dar es Salaam huenda Kariakoo kununua kanga, vyombo na mbegu, wala hawajiulizi jina hilo limetoka wapi. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi zetu. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi. Soko lilifunguliwa baadaye, mwaka 1923.

Wapagazi hao walikuwa wakulima, wavuvi na wachungaji. Motokaa zilikwama matopeni, na wanyama walikufa kwa mbung'o. Basi unga na risasi vilikwenda kwa vichwa vya watu. Wengine walikubali kwa hiari, lakini wengi walikamatwa.

Sasa tutazame hasara iliyoingia nyumbani. Mshahara wa mpagazi ulikuwa rupia chache kwa mwezi, pungufu sana ya ule wa askari. Shamba lilibaki kwa mke na watoto. Huko Ugogo majeshi yalichukua watu, ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikakosa. Ikaja njaa kali iitwayo Mtunya.

Kwa hesabu ya Serikali yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi wala si kwa risasi. Je, mishahara yao ilikwenda wapi? Mingi haikulipwa. Majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikujulikana, warithi hawakupatikana. Maofisa wa Afrika Mashariki waliomba fedha hizo zitumike kwa faida ya wenyeji, lakini London ilikataa. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake. Lakini sanamu hainunui chumvi ya mjane.

Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, mgambo nao waliitwa, wakaacha kazi na majembe yao. Basi, wazazi wapenzi, kijana wenu akiitwa na Taifa, aende kwa moyo mkunjufu. Ila kwanza afanye mambo matatu. Jina lake liandikwe sawasawa na lilivyo katika cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa. Mkewe ajue namba yake na kikosi chake. Tena karatasi za kazi, za madeni na za mrithi zibaki nyumbani, mahali pakavu, panapojulikana na watu wawili.