Simuleta ya Ndege Nyumbani: Anza na Mkono, Picha Baadaye

Anayetaka kujenga simuleta ya ndege nyumbani huanza karibu kila mara na swali la kompyuta: kadi gani ya grafiki, RAM kiasi gani, skrini ya inchi ngapi. Ninaelewa kwa nini. Programu za siku hizi zinauonyesha Mlima Kilimanjaro na theluji yake mpaka mtu anasahau chakula mezani. Hata hivyo, ushauri wangu ni kuipindua bajeti hiyo: pesa ya kwanza iende kwenye kile utakachokishika mkononi.

Historia inaniunga mkono. Edwin Link alijenga simuleta yake mwaka 1929 huko Binghamton, jimbo la New York, akitumia mivukuto na pampu za kiwanda cha baba yake kilichotengeneza vinanda. Chombo chake hakikuwa na picha hata moja. Mwanafunzi aliketi ndani, kifuniko kikashushwa, akabaki na usukani, pedeli na saa za dashibodi, na chombo kikainama na kuzunguka kadiri alivyokiongoza. Jeshi la Marekani lilianza kuvinunua mwaka 1934, na katika Vita vya Pili vya Dunia marubani maelfu kwa maelfu walifunzwa humo. Walijifunza kwa mikono na miguu, wakiwa gizani.

Kwa kuanzia, jostiki moja inatosha. Chagua ile ambayo mpini wake unaweza kusokotwa kulia na kushoto, kwa sababu msokoto huo utafanya kazi ya pedeli, na yenye kijiwiko pembeni cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kabla ya kulipa, uliza kuhusu kihisio kilichomo ndani. Jostiki nyingi za bei ya chini hutumia potenshiomita: kijikono kidogo kinachosugua utepe kila unaposogeza mpini. Msuguano unaula utepe, vumbi linaingia, na baada ya muda ndege inaanza kushtuka yenyewe bila wewe kugusa kitu. Aina nyingine, kama Thrustmaster T.16000M, hutumia sumaku na vihisio vya Hall kwenye mihimili yake mikuu. Humo hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kwa nyumba zetu zenye madirisha wazi na vumbi la barabarani, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Ukishaichomeka, usikimbilie kuruka. Fungua ukurasa wa vidhibiti ndani ya programu, sogeza mhimili mmoja mmoja polepole, na utazame mstari unaoonyesha mwendo wake. Mpini ukiuachia, mstari urudi katikati na kutulia. Ukitetemeka, weka eneo bubu dogo pale katikati, yaani sehemu ambayo programu haijali msogeo, asilimia mbili au tatu. Ukizidisha, utakuwa unasukuma mpini na ndege haijibu, kisha ghafla inajibu kupita kiasi, na kutua kutakushinda kwa sababu kutua ni kazi ya misogeo midogo. Ongeza na mpindo kidogo wa hisia, ili mpini uwe mpole karibu na katikati na mkali kuelekea mwisho.

Matatizo mengi huzuka siku kifaa cha pili kinapoongezwa. Programu hujaribu kukusaidia kwa kukipangia kila kifaa kazi zake yenyewe, na ghafla msokoto wa jostiki na pedeli mpya vyote viwili vinaamuru mkia uleule. Ndege inayumba kwenye barabara ya kurukia na mtu analaumu upepo. Futa mpangilio mmoja. Kuna na hili la breki: mara nyingi breki za vidole kwenye pedeli husomwa kinyume, yaani miguu ikiwa juu programu inadhani umekanyaga hadi mwisho. Injini inanguruma, nguvu iko yote, ndege haiondoki. Dawa yake ni kugeuza mhimili huo kwenye ukurasa uleule wa vidhibiti. Na kama vifaa vinakatika katikati ya safari, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uizuie kompyuta kuzima bandari za USB kwa ajili ya kubana matumizi.

Kuhusu programu, intaneti yako ndiyo itakayoamua. Microsoft Flight Simulator 2024 huvuta mandhari kutoka mtandaoni wakati unaruka, na watengenezaji wake wanapendekeza RAM ya gigabaiti 32 na kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Mwenye mkongo nyumbani ataifurahia. Anayetegemea kifurushi cha simu ataumia. X-Plane 12 huihifadhi dunia kwenye diski yako, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ina toleo la majaribio la bure ambalo litakuonyesha kama mashine yako inaiweza kabla hujatoa senti. FlightGear ni ya bure kabisa. Imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Picha zake si za kushangaza, lakini hesabu za mwenendo wa ndege ni za kweli, na kompyuta ya miaka kadhaa iliyopita inaweza kuiendesha.

Watu pia hukimbiza fremu 60 kwa sekunde bila sababu. Fremu 30 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazokwama kila unapokaribia mji. Picha ikikwama, punguza ukubwa wa picha kwa muda. Mambo yasipobadilika, prosesa ndiyo iliyolemewa, basi punguza idadi ya majengo na ndege nyingine. Yakibadilika, mzigo uko kwenye kadi ya grafiki. Punguza ubora wa mawingu na vivuli.

Kipimo kinachosahaulika ni upana wa mtazamo. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwayo, inafunika nyuzi 48 tu za macho yako. Ukiiambia programu ikuonyeshe nyuzi 90, kila kitu kinasinyaa: barabara ya kurukia inaonekana mbali na nyembamba, na unakosea kukadiria urefu uliobaki chini ya magurudumu. Panua kidogo ili uzione saa za dashibodi, lakini usiende mbali.

Baada ya hapo chukua Cessna 172, ndege ambayo zaidi ya 44,000 zimetengenezwa tangu miaka ya 1950, uiweke kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi. Uwanja huu uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Zima usaidizi wa kuchanganya mafuta na hewa, kanyaga breki, kisha sukuma nguvu yote huku kijiwiko chekundu cha mchanganyiko kikiwa mbele kabisa. Injini itakoroma kwa uzito, inanywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Rudisha kijiwiko chekundu polepole mpaka mizunguko ipande ifike kilele, ndipo uachie breki. Ukirudi kutua, shika noti 65 kwenye saa ya mwendo kama ambavyo ungefanya Zanzibar. Katika hewa ya Wilson kasi yako halisi itakuwa noti 72 hivi, ardhi itapita mbio, na mkono utashawishika kuvuta mpini ili kupunguza mwendo. Usivute, iamini saa. Hili hata picha maridadi kiasi gani haiwezi kukufundisha kama mkono haujisikii uko wapi.

Ila dashibodi isikuteke. Wakufunzi wa urubani hupata taabu na wanafunzi waliotoka kwenye simuleta kwa sababu macho yao yameganda kwenye saa, wakati rubani wa ndege ndogo anatakiwa kutazama nje sehemu kubwa ya muda. Na saa unazoruka nyumbani haziingii kwenye kitabu cha leseni. Mamlaka ya usafiri wa anga, iwe TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, huhesabu mafunzo ya vifaa ilivyoviidhinisha tu.

Pedeli nzuri zinaweza kugharimu kuliko jostiki yenyewe. Subiri mpaka uweze kutua Wilson mara kadhaa mfululizo ukiwa juu ya mstari wa kati, upepo ukipiga ubavuni, ndipo uzinunue.