MWANA WA ASKARI AINGIAPO KIDATO CHA TANO

Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kutangazwa, huonekana katika kambi zetu jambo la furaha. Wazazi waliozoea kubeba bunduki na mikoba ya safari huonekana katika vituo vya mabasi vya Kampala, Mbarara, Gulu na Mbale wakiwa wamebeba masanduku ya bati, magodoro, ndoo, mabeseni, fagio na rimu za karatasi. Kando yao husimama vijana wa miaka 16 au 17, wasiojua waangalie wapi. Vijana hao wanakwenda kuanza Kidato cha Tano, ambacho wengi wetu kambini hukiita "Sinia Faivu".

Mzazi humfikisha kijana langoni, hulipa karo, hutia sahihi katika daftari, humpa mkono, kisha hurudi kazini akiamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Sisi twasema kwamba kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Katika miaka miwili ya masomo hayo, hakuna wakati unaohitaji jicho na sikio la mzazi kuliko majuma sita ya kwanza.

NGAZI NYINGINE KABISA

Watu wengi hudhani kwamba Kidato cha Tano ni Kidato cha Nne kilichoongezwa mwaka mmoja. La hasha. Kijana aliyekuwa akisoma masomo manane au tisa sasa anachukua masomo makuu matatu tu, pamoja na Maarifa ya Jumla na somo moja dogo, ama hisabati ama kompyuta. Mzazi husikia hesabu hiyo akacheka, akasema, "Basi mzigo umepungua!" Kwa kweli mzigo umeongezeka. Kila somo kuu lina mtihani wa karatasi mbili au zaidi, na kina chake hakifanani na kile cha zamani. Mwalimu hasimami tena ubaoni akiandika kila neno ili wanafunzi walinakili. Huzungumza, hutaja kitabu, kisha huondoka. Vipindi vitupu huwa vingi, na ni juu ya kijana mwenyewe kujua kwamba kipindi kitupu si kipindi cha kulala.

Isitoshe, wanafunzi wa Kidato cha Tano hufika shuleni baada ya wenzao wa vidato vingine, kwa sababu hawana budi kungoja matokeo na uteuzi. Muhula wao wa kwanza ni mfupi. Kijana anapoanza kujua njia ya kwenda maktaba, majaribio ya kwanza yamekwisha kufika.

Kuna jambo la pili linalowachanganya wazazi. Mtaala mpya wa vidato vya chini ulianzishwa nchini Uganda mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo huo shule zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa zote kwa ukamilifu mpaka Januari 10, 2022. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2024, wakaingia Kidato cha Tano mwaka 2025. Matokeo yao hayakuandikwa kwa madaraja ya kwanza, ya pili na ya tatu tuliyoyajua sisi, bali kwa herufi za kila somo, na sehemu ya alama, asilimia 20, ilitokana na kazi walizofanya shuleni. Kwa hiyo mzazi akimwambia mwanawe, "Mimi wakati wangu nilipata kadha wa kadha," wawili hao hawapimi kwa kipimo kimoja. Afadhali mzazi akubali kufundishwa na mtoto jinsi mambo yalivyo siku hizi. Kufanya hivyo hakumvunjii heshima.

KURUTA WA MASOMO

Ndugu askari aliyepita Kaweweta, na ndugu polisi aliyepita Kabalye, wanakumbuka vema juma la kwanza la mafunzo. Kijana aliyekuwa shujaa wa mpira kijijini kwao alianguka katika mbio za alfajiri. Aliyekuwa na sauti kubwa nyumbani alisahau mguu wa kushoto ni upi. Je, mkufunzi alimfukuza? Hakumfukuza. Mkufunzi mwenye ujuzi anajua kwamba karibu kila kuruta huanguka mwanzoni, na kwamba kuanguka huko hakuonyeshi atakuwa askari wa namna gani. Humtazama anavyoinuka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano ni kuruta wa masomo. Alitoka katika shule ambako pengine alikuwa wa kwanza au wa pili. Sasa ameingia darasa ambalo kila mmoja alikuwa wa kwanza au wa pili mahali fulani. Jaribio la kwanza linarudi na alama ambayo hajapata kuiona maishani mwake. Kijana huyo hulitazama lile karatasi kama mtu aliyesoma barua ya msiba. Lakini kwa bahati mbaya, mzazi yule yule aliyevumiliwa alipokuwa kuruta ndiye mwepesi kuliko wote kusahau jambo hilo mbele ya mwanawe.

HABARI YA SAJINI MMOJA

Tunamfahamu sajini mmoja ambaye mwaka 2023 alikuwa katika jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia. Mwanawe wa kwanza alikuwa amepata Daraja la Kwanza katika Kidato cha Nne, akachaguliwa kusoma fizikia, kemia na hisabati katika shule ya bweni. Sajini alijaa furaha. Aliwaambia wenzake wote kwamba nyumbani kwake patatoka mhandisi.

Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, sajini alipiga simu ya mwalimu wa bweni kila Jumapili jioni. Swali lake lilikuwa moja: "Umeshika nafasi ya ngapi?" Kijana naye alijibu jibu moja: "Niko salama, baba." Jumapili nne zikapita hivyo.

Juma la tano, mama wa kijana alifungua mlango wa nyumba yake kambini asubuhi na mapema, akamkuta mwanawe ameketi juu ya sanduku lake la bati. Alikuwa amepata alama 31 kwa 100 katika fizikia, akalificha lile karatasi kwa majuma mawili, kisha akatoroka shuleni.

Mama alimpigia mumewe simu. Sajini alisimulia baadaye kwamba alikuwa tayari kumfokea mtoto hata simu ipasuke. Lakini karibu naye alikuwapo afande mmoja wa makamo, aliyekwisha kulea watoto sita. Afande akamwuliza, "Wewe siku ya kwanza kwenye shabaha ulipiga risasi ngapi zikaingia?" Sajini akanyamaza. Afande akaendelea, "Na nani alikurudisha nyumbani?"

Sajini akaomba apewe mtoto. Hakuuliza nafasi. Aliuliza, "Mwanangu, ni kitu gani hasa kinachokushinda?" Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaeleza. Hakuwa ameshindwa na fizikia yote. Mwalimu alikwenda mbio, na wanafunzi wenzake wengi walikuwa wamesoma shule hiyo hiyo tangu Kidato cha Kwanza, hivyo waliujua mwendo wake. Yeye mgeni aliona haya kunyosha mkono. "Ungependa kubadilisha masomo?" baba akauliza. Kijana akajibu, "Hapana, baba. Nataka kusoma fizikia. Nilidhani wewe ndiwe utakayeniondoa."

Siku ya pili yake mama alimrudisha shuleni, akaomba kuonana na mwalimu wa fizikia. Mwalimu hakukasirika. Alimweka kijana pamoja na wanafunzi wengine wawili, wakawa wanarudia mazoezi kila Jumamosi. Mwisho wa muhula alipata alama 52. Si alama ya kupigiwa tarumbeta, lakini hakutoroka tena. Mwaka 2024 alifanya mtihani wa mwisho akafaulu masomo yote matatu makuu. Sajini asema kwamba swali lile moja la simu lilimgharimu kiburi chake, na kwamba angependa angeliuliza Jumapili ya kwanza.

MAMBO YANAYOMPASA MZAZI

Katika habari hiyo twaweza kuchota mafunzo machache.

Kwanza, masomo yenyewe yachunguzwe mapema. Atakaye udaktari hana budi kusoma kemia na biolojia, na atakaye uhandisi hana budi kusoma fizikia na hisabati. Kuingia chuo kikuu kwa shahada kunahitaji kufaulu angalau masomo makuu mawili katika mtihani mmoja. Kijana akiwa ameingizwa katika masomo yasiyo yake, kwa sababu ya sifa ya shule au tamaa ya mzazi, shule nyingi humruhusu kubadilisha katika majuma machache ya kwanza. Baadaye mlango hufungwa. Lakini mzazi apambanue mambo mawili: kijana asiyelipenda somo, na kijana alipendaye aliyejikwaa. Wa kwanza abadilishe, wa pili asaidiwe. Njia ya kuwapambanua ni kuwasikiliza.

Pili, maswali ya mzazi yabadilike. Badala ya kuuliza nafasi, aulize: umepata rafiki? Unalala saa ngapi? Somo gani lilikufurahisha juma hili, na lipi lilikuchosha? Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku, na asiyelala hawezi kushika fizikia wala historia. Mwenye rafiki mmoja wa kweli darasani ana ngao. Asiye na rafiki hata mmoja baada ya mwezi, mzazi amwangalie kwa makini.

Tatu, mzazi awe na jina la mtu mmoja shuleni, mwalimu wa darasa au wa bweni, amjue naye ajulikane. Askari huhamishwa ghafla. Leo yuko Bombo, kesho yuko Moroto au ng'ambo. Kabla ya kuondoka amwachie mkewe, au ndugu yake, namba ya mwalimu huyo, na amwambie mwalimu ni nani atakayekuja endapo kuna neno. Kituo cha ulinzi hakiachwi bila kukabidhiana zamu, na kijana asiachwe hivyo.

Nne, karo ipangwe kabla ya wakati. Kijana anayerudishwa nyumbani juma la tatu kwa sababu ya karo hupoteza msingi wa masomo yote matatu kwa mara moja. Vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vipo kwa ajili ya haja za namna hii, lakini mkopo huombwa mapema, si usiku wa kuamkia kufungua shule. Tena mzazi asome orodha ya shule kwa utulivu. Koti jeupe la maabara na kikokotoo huhitajika mapema, viatu vya fahari haviongezi alama.

Tano, mzazi asijidharau. Baba au mama aliyeishia darasa la saba aweza kudhani hana la kumsaidia mtoto wa Kidato cha Tano. Si kweli. Somo la Maarifa ya Jumla humtaka mwanafunzi aandike juu ya mambo ya nchi na ya dunia, na askari aliyeyaona maji ya Nile kule Karuma, mipaka ya Sudan Kusini au pwani ya Mogadishu ana mengi ya kumsimulia mwanawe wakati wa likizo. Kijana akisikia kwamba maisha ya mzazi wake ni maarifa, naye hujifunza kuyaheshimu maarifa.

NENO LA MWISHO

Hatusemi kwamba nidhamu iachwe. Kijana akikosa, aonywe. Kuna tofauti lakini kati ya kosa na kujikwaa, na katika majuma ya kwanza kujikwaa ndiko kwingi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Karatasi yenye alama 31 ni koleo lililovunjika. Mhunzi bado yupo, na moto bado unawaka, almuradi asipatikane mtu wa nyumbani wa kuumwagia maji.

Wenzetu wa Kenya waliiacha ngazi hii ya masomo, na darasa lao la mwisho la Kidato cha Sita lilifanya mtihani mwaka 1989. Tanzania inayo kama sisi. Hapa kwetu, maadamu ngazi hiyo ipo, watoto wa kambini wataipanda pamoja na wa mabwanyenye. Wao hawatakuwa na walimu wa kulipiwa nyumbani wala mashelfu ya vitabu, na mara nyingi baba au mama atakuwa mbali, analinda usingizi wa watu wengine. Lakini Jumapili jioni simu itaita katika ofisi ya mwalimu wa bweni. Basi ndugu askari, simu hiyo itakapoita, usianze na nafasi. Anza na jina la mtoto, kisha umwulize hali, kisha unyamaze umsikilize.