Unahamia Tunduru kulima? Bunduki ya nguruwe kwanza, ya tembo waachie wenye kazi yao

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka zipo familia zinazofunga mizigo Newala, Tandahimba na Masasi na kuelekea magharibi. Hupita Mangaka, huvuka Nakapanya na kuingia katika vijiji vya Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kama Namasakata. Wanachofuata ni ardhi. Huko walikotoka mikorosho imebanana na mashamba ya urithi yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande. Huku bado mtu anaweza kupata eneo la kuanzia upya: mikorosho, mahindi, mpunga bondeni, karanga na mihogo.

Lakini aliyetangulia humwambia anayefuata kwamba ardhi hiyo ina wenyewe. Kuna nguruwe pori, nyani, ngedere, na kuna tembo. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wenye uwezo kidogo huulizana kabla ya kuhama: niende na bunduki gani?

Jibu la haraka ambalo wengi huwa nalo kichwani ni bunduki kubwa, kwa sababu mnyama wanayemfikiria ni tembo. Makala haya yanasema kinyume. Kwa mkulima wa Namasakata, bunduki inayoweza kurudisha gharama yake ni ile ya nguruwe. Anayenunua silaha kwa ajili ya tembo hutupa fedha, na huenda akatupa na maisha.

Ni kweli kwamba tembo wapo na wanatisha. Tunduru na Namtumbo zimekaa juu ya ushoroba wa Selous na Niassa, njia ambayo wanyama huitumia kati ya iliyokuwa Pori la Akiba Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019, na hifadhi ya Niassa ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Miaka ya 1970 tembo wa eneo la Selous walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta wamebaki kama 13,000 tu, kazi ya majangili. Ujangili ulipobanwa, tembo walirudia njia zao za zamani na kukuta zimelimwa.

Sasa tuzungumzie ukubwa wa bunduki. Kinachoitwa kaliba ni kipenyo cha risasi, au cha tundu la mtutu inamopita, na kwa silaha nyingi za uwindaji hupimwa kwa sehemu za inchi. Bunduki ya .375 ina risasi yenye kipenyo cha milimita 9.5. Ile ya .458 ni milimita 11.6. Kanuni za uwindaji za hapa nchini zinataka wanyama wakubwa na wa hatari kama tembo na nyati wapigwe kwa kaliba isiyopungua .375, na kwa wanyama wengine isiyopungua .240, yaani kama milimita 6.

Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kusumbua watu. Risasi ya .375 ya aina iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 ina uzito wa gramu 19 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 750 kwa sekunde. Ile ya .458, iliyotoka Marekani mwaka 1956 na ikapendwa sana na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki, ina uzito wa kama gramu 32. Uzito huo unahitajika kupenya fuvu la tembo, ambalo ni nene na limejaa vyumba vya hewa kama sega la nyuki, huku ubongo wenyewe ukiwa mdogo na umejificha nyuma kabisa. Mtu asiyefundishwa mahali pa kulenga atamjeruhi tu. Tembo aliyejeruhiwa haendi kulala porini. Hubaki karibu na kijiji akiwa na hasira, na atakayekutana naye kesho asubuhi huenda ni mama anayekwenda kuchota maji.

Bunduki hizo kubwa zina gharama nyingine. Ni ghali kununua, risasi zake ni ghali na hazipatikani kila duka, na teke lake begani humfanya mtu asiyezoea afumbe macho kabla hajavuta kifyatulio. Zaidi ya hayo, tembo uliyemuua si wako. Nyama, ngozi na pembe ni mali ya Serikali.

Nguruwe ndiye mwizi wa kila usiku

Tembo anaweza kupita mara moja kwa msimu, au asipite kabisa. Nguruwe pori hapumziki. Huja usiku kwa makundi, hufukua karanga na mihogo, huangusha mahindi mabichi na kula nusu ya kila bua. Katika wilaya ambayo wakazi wengi ni Waislamu, nyama yake haina mlaji, kwa hiyo hata wawindaji wa kienyeji hawamfuati sana. Anazaliana kwa raha zake.

Kwa sababu yake mkulima hulala shambani, kwenye dungu au kibanda cha nyasi, pengine na mke na watoto, kuanzia mahindi yanapobeba mpaka yanapovunwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao kuhusu simba wanaokula watu nchini. Walikuta kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na yalikuwa mengi zaidi kule ambako nguruwe pori ni wengi na wanyama wengine wa kuliwa na simba ni wachache. Maelezo yao ni mepesi kueleweka: nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mkulima amelala katikati yao ndani ya kibanda kisicho na mlango.

Wazee wa Tunduru hawahitaji jarida kulijua hilo. Wanakumbuka miaka ya 1980, simba walipoua watu wengi wilayani humo.

Kwa hiyo anayepunguza nguruwe shambani mwake anaokoa mahindi, na pia anapunguza kinachomvuta simba karibu na watu. Silaha ya kazi hiyo ni shotigani, bunduki ya marisau. Iliyo ya kawaida ni namba 12. Namba hiyo si kaliba ya inchi. Hesabu yake ni ya zamani: gololi 12 za risasi zenye upana wa tundu la mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba 20 ni bunduki nyembamba kuliko namba 12, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi.

Uzuri wa shotigani ni kwamba mtutu mmoja hufanya kazi nyingi kutegemea risasi unayoweka. Marisau madogo ni ya kanga na kwale. Ya kati ni ya ngedere na nyani. Makubwa, ambayo huwa machache ndani ya ganda moja, ni ya nguruwe. Ukiwa na marisau makubwa usimpige nguruwe aliye mbali zaidi ya mita 30 hivi. Zaidi ya hapo marisau yametawanyika na utamjeruhi tu, naye nguruwe dume aliyejeruhiwa ana meno ya kuchana paja la mtu. Kwa usiku ambao unaona kwa tochi, mita 30 ni mbali ya kutosha.

Bunduki ya risasi moja, yaani raifoli, ile yenye mifereji ndani ya mtutu, inapiga mbali na kwa usahihi. Kwa mwindaji mwenye leseni anayetafuta swala au pofu mchana ni chombo kizuri, na kaliba ya .30-06 inatosha kwa wengi wa wanyama hao. Shambani usiku ni hatari. Risasi ya .30-06 ikikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilometa 4. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huidharau, huenda zaidi ya kilometa moja. Katika msimu wa kulinda mazao kila shamba lina dungu, na kila dungu lina watu. Marisau huishiwa nguvu mapema zaidi, ingawa nayo hayapigwi kuelekea usikoona.

Mnunuzi akiuliza kati ya mitutu miwili na bunduki ya kukoki, ningemshauri ile ya kuvunja katikati, ya mtutu mmoja au miwili. Ina vyuma vichache vya kuharibika, haichagui sana risasi, na ukiifungua kila mtu aliye karibu anaona kama ina kitu ndani au haina. Mtengenezaji bunduki hapatikani kila wilaya. Unyevu wa masika hula chuma haraka, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta mepesi kiwe sehemu ya vifaa vya shamba kama lilivyo tupa la kunolea jembe.

Na gobore la kienyeji? Yapo, na mafundi wake wapo. Lisilo na leseni ni kosa la jinai. Hata tukiacha sheria, mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji na kushindiliwa baruti kwa kukadiria unaweza kupasuka mbele ya uso wa aliyeushika. Mwaka 2022 na 2023 Serikali ilitoa vipindi vya msamaha ili wenye silaha haramu wazisalimishe bila kushtakiwa. Aliyenalo asinunue matatizo zaidi kwa kulihamishia wilaya nyingine.

Leseni huchukua muda, anza mapema

Sheria inayotawala sasa ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo usio na doa la jinai, na awe na cheti kinachoonyesha kwamba amejifunza kutumia silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, hupita kata na polisi wilaya, kisha kamati za ulinzi na usalama, hadi makao makuu ya Polisi. Nyumbani uwe na kasha la chuma la kufungia silaha. Nyumba ya nyasi ya mwaka wa kwanza wa kuhama haina ukuta wa kulishikilia kasha hilo, na mpelelezi akija kukagua ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa sababu hiyo, busara ni kuhama kwanza, kufahamika kijijini, kujenga, ndipo kuomba. Viongozi wa kijiji wanaoulizwa tabia ya mtu hawawezi kumsemea waliyemwona wiki iliyopita.

Leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kuua mnyama pale inapolazimika kuokoa maisha au mali, na inamtaka atoe taarifa. Haimruhusu kumfuata mnyama porini kwa kisingizio cha shamba, wala kuuza nyama sokoni. Mfanyabiashara anayeona nafasi katika nyamapori apitie kanuni za mabucha za mwaka 2020 na apate kibali kwanza.

Kwa tembo, watu wa kuitwa ni askari wa TAWA, ofisa wanyamapori wa halmashauri na askari wa wanyamapori wa vijiji, ambao wengi wamepitia mafunzo katika chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo. Wao wana silaha zinazofaa na wana mabomu baridi ya kumfukuza bila kumuua. Kabla hawajafika, mkulima ana kamba zilizopakwa mafuta machafu ya injini yaliyochanganywa na pilipili ya kusaga, matofali ya kinyesi cha tembo na pilipili yanayofukizwa upande upepo unakotoka, na mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba. Mizinga ina faida ya ziada, maana asali ina soko.

Mazao yakiharibiwa, kuna kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, zikaweka kikomo cha ekari 5, na zikamnyima kabisa aliyelima ndani ya nusu kilomita. Anayenunua ardhi aupime umbali huo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu shamba la bei rahisi mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na pori. Viwango vya sasa aviulize kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Anayehama akiwa tayari ana bunduki yenye leseni asafiri na leseni halisi, risasi zikiwa mbali na silaha, na akifika aripoti polisi wilaya mpya. Asimwachie ndugu aitumie huko alikotoka, hata kwa wiki moja, kwa kuwa leseni ni ya jina moja tu. Na kama bunduki ni ya marehemu baba, isipakiwe kwenye lori la mizigo. Ipelekwe kituo cha polisi, na mrithi aombe leseni kwa jina lake. Lori linaweza kutangulia.