MHARIRI WA PEMBA ALIYEKUWA BALOZI

Wasomaji wetu wa Likoni hawana haja ya kuelezwa Pemba ni wapi. Ni kisiwa cha jirani, upande wa kusini, na wavuvi wake wamepanda na pepo za kusi tangu zamani, hata wengine wakafanya makao katika fukwe zetu za Kenya. Lakini labda si wote wajuao kwamba katika kisiwa hicho alizaliwa, tarehe 23 Januari 1942, mtu ambaye nusura awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Jina lake ni Salim Ahmed Salim.

Bwana Salim alianzia kwenye kalamu. Alipokuwa mwanafunzi Unguja alikuwa miongoni mwa viongozi wa wenzake. Kisha katika miaka ya 1961 na 1962 alitumika katika ofisi ya Zanzibar mjini Havana, Cuba. Aliporejea akawa mhariri mkuu wa gazeti la kila siku, na mwaka 1963 akawa katibu wa chama cha waandishi wa habari. Magazeti ya Unguja siku zile yalikuwa madogo kwa karatasi na makali kwa maneno. Mhariri aliyeandika ovyo alijibiwa kesho yake.

Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na mwaka huo huo kijana huyu akapelekwa Cairo kuwa balozi. Umri wake ulikuwa miaka 22. Hapa kwetu kijana wa miaka hiyo haaminiwi hata usukani wa feri! Kutoka Misri alihamia India, kisha China, na mwaka 1970 akafika New York kuwa balozi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Huko alikaa miaka kumi.

Jambo lililomletea sifa na taabu pamoja lilitokea usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971. Shauri lilikuwa hili: je, kiti cha China kipewe serikali ya Peking, au kibaki kwa ile ya Taiwan? Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea Peking. Marekani ilipinga kwa nguvu zake zote. Kura zilipohesabiwa, 76 ziliafiki, 35 zilikataa, na mataifa 17 hayakupiga upande wowote. Wajumbe wa Tanzania waliinuka wakishangilia, na habari zikaenea Marekani kwamba walicheza ngoma baina ya viti. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule aliitwa George Bush.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1979 Salim alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu, na mwaka 1981, akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Afrika ikamtoa agombee ukatibu mkuu dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria. Kura ya kwanza ilimpa wingi wa kutosha, lakini Marekani ikatumia kura ya turufu, yaani ile kura moja ya taifa kubwa inayovunja shauri zima. Wakati huo Bwana Bush alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Sababu hazikuwa moja, maana msimamo wa Tanzania juu ya Palestina na nchi za kusini mwa Afrika nao haukuipendeza Washington; hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba ule usiku wa 1971 ulikuwa umesahauliwa. China nayo ikamzuia Waldheim mara 16. Shauri likakwama majuma mengi, hata Desemba, ambapo Bwana Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza la Usalama mwezi huo, aliwaomba wote wawili wakae kando. Wakakubali. Kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Salim akarudi kazini. Alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania tangu 1984, baada ya kifo cha Edward Sokoine, hata 1985. Kisha tangu 1989 hata 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Addis Ababa. Alikuwa huko Januari 1992, Mwafrika wa kwanza alipokikalia kile kiti cha New York: Boutros Boutros-Ghali, mtu wa Cairo.