Wimbo Unapobisha Hodi Katika Nyumba ya Mlevi

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupitia Kabezi, Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ni nchi ya watu wanaofanya kazi huku wakiimba. Wimbo huvuta wavu, hubembeleza mtoto, husindikiza harusi, na mara nyingi husema jambo ambalo mdomo mtupu haudiriki kulisema. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo katika nyumba za mashambani bado husemwa kwa kunong'ona, nalo ni uraibu wa pombe kali na dawa za kulevya.

Mwenye mgonjwa wa malaria hutoka nje akaomba msaada kwa jirani. Mwenye mgonjwa wa ulevi hufunga mlango. Mke huficha kwamba fedha za karo zimekwisha. Mama huuza kuku wake ili kulipa deni la mwanawe. Baba hujifanya haoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nchi mbalimbali, zilizo karibu na zilizo mbali, watunzi wa nyimbo za watu wa mashamba ndio waliothubutu kubisha hodi kwenye mlango huo. Yafaa kutazama walifanyaje, na mwambao wa Rumonge una nini cha kujifunza kwao.

ZIWA, MWEZI NA FEDHA MKONONI

Mji wa Rumonge uko yapata kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Sifa zake ni mbili: michikichi inayotoa mafuta ya mawese, na samaki wa ziwani, hasa ndagala na mukeke. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri zimeenea. Mwanga huo huwavuta samaki wakati wa giza, lakini mbalamwezi ikijaa taa hupoteza nguvu zake, na wavuvi hukaa pwani kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo maisha ya mvuvi yamegawanyika sehemu mbili. Kuna majuma ya kukesha, baridi na hatari ya mawimbi, kisha zinakuja siku za kukaa bure, fedha zikiwa mkononi na usingizi ukiwa umeharibika. Mtu wa namna hiyo ndiye windo rahisi la muuza kanyanga. Kanyanga, nduguye gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya, ni pombe kali iliyopigwa marufuku, lakini marufuku peke yake haijaimaliza. Bangi nayo ni ya siku nyingi. Mjini Bujumbura limeongezeka balaa jingine: heroini, ambayo vijana wameipa jina la boost.

Heroini si zao la nchi hizi. Kwa miaka mingi imetoka Afghanistan kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi, ikashushwa pwani ya Afrika Mashariki na kusambaa hadi bara. Barabara inayoshuka kutoka Bujumbura hadi Rumonge hubeba abiria na bidhaa kila siku, na ziwa lenyewe, lenye urefu wa karibu kilomita 670, linagusa nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Hakuna polisi awezaye kusimama katika kila ghuba. Mlinzi wa kwanza ni nyumba yenyewe, na nyumba haiwezi kulinda jambo isilothubutu kulitaja.

WIMBO WA ASKARI ALIYERUDI

Marekani kuna muziki wa watu wa mashamba uitwao kantri. Muziki huo si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipokwenda Kapkatet, nchini Kenya, kurekodi nyimbo za Wakipsigis, aliwakuta wasichana wakimwimba kiumbe wa ajabu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji mashuhuri wa kantri, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini kabla ya hapo. Hata leo muziki wa kantri una wapenzi wengi Kenya.

Mwaka 1971 kijana mmoja aliyekuwa mpeleka barua karibu na Chicago, John Prine, alitoa wimbo uitwao "Sam Stone". Prine mwenyewe aliwahi kuwa askari, ingawa alipelekwa Ujerumani na si Vietnam. Wimbo wake unamhusu askari aliyerudi kutoka vitani na jeraha, na pamoja na jeraha akarudi na uraibu ulioanzia katika dawa ya kutuliza maumivu. Mtunzi hakuhubiri wala hakumtukana askari huyo. Alitazama mambo kwa macho ya mtoto wake, anayeona mapato ya nyumba yakipotelea katika mkono wa baba. Mwisho askari anakufa. Waliousikia wimbo huo hawakuweza tena kusema kwamba uraibu ni tabia ya wahuni wa mjini tu. Waliona mtu aliyeitumikia nchi, mwenye mke na watoto.

Katika miaka hiyo hiyo mtaalamu aitwaye Lee Robins aliwachunguza askari karibu 900 waliorudi kutoka Vietnam. Alikuta kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini au afyuni alipokuwa huko. Watu walitazamia maafa makubwa. Lakini miongoni mwa hao waliokuwa waraibu, ni kama watano tu katika kila mia waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Walikuwa wameachana na mahali, marafiki na upatikanaji rahisi wa dawa, wakarudi kwa jamaa na kazi zao.

Yafaa kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Wimbo ulisema kweli juu ya nyumba moja iliyoangamia. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi waliweza kujinasua. Mtunzi anayeimba maangamizi peke yake anawakatisha tamaa wagonjwa na jamaa zao. Jambo hilo lawahusu pia askari wa leo, wakiwemo wale wa Burundi walioanza kupelekwa Somalia mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Arudiye kutoka mbali huhitaji kupokewa na watu, kazi na ratiba, kabla hajapokewa na chupa.

VIDONGE KATIKA MILIMA YA MAKAA

Hadithi ya pili ni ya majimbo ya Kentucky na West Virginia, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ilianza kuuza dawa ya maumivu iitwayo OxyContin, jamii moja na afyuni, ikidai kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo. Wachimba migodi wenye migongo iliyoumia waliandikiwa vidonge hivyo, na vijiji vizima vikanaswa. Kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Kufikia wakati huo heroini na dawa kali zaidi zilikuwa zimeshaingia, na mwaka 2022 waliokufa Marekani kwa kuzidisha dawa walipita 100,000.

Tyler Childers, mwimbaji aliyezaliwa Kentucky mwaka 1991, ni mtoto wa nchi hiyo. Wimbo wake "Nose on the Grindstone" ni usia wa baba mfanyakazi kwa mwanawe: ashike kazi na aepuke vidonge. Nguvu ya wimbo huo ni kwamba anayesema ni baba, kwa lugha ya nyumbani, kwa kijana anayemfahamu.

Lakini wimbo si hirizi. Hank Williams, aliyewaliza wengi kwa nyimbo zake, alifariki safarini tarehe 1 Januari 1953 akiwa na umri wa miaka 29, mwili umechoshwa na pombe na dawa. Steve Earle, mtunzi mwingine wa kantri, alifungwa mwaka 1994 kwa sababu ya dawa za kulevya. Akatibiwa, na mwaka 1995 akatoa sahani mpya. Tofauti ya hao wawili haikuwa kipaji. Mmoja alipata tiba na akabaki hai kuimba.

SAUTI ZA NCHI ZETU

Haifai kudhani kwamba ufundi wa kuimba mambo mazito ni wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Warundi wanayo inanga, chombo cha nyuzi ambacho mpigaji wake huimba kwa kunong'ona, hata msikilizaji akalazimika kusogea karibu. Joseph Torobeka alijulikana mbali kwa ufundi huo. Uimbaji wa kunong'ona wafaa sana kwa jambo ambalo watu wenyewe hulinong'ona.

Kutoka ng'ambo ya ziwa alikuja Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam na kufariki huko mwaka 2010. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi" ulizungumzia kinga dhidi ya UKIMWI wakati ambapo wengi waliona aibu kulitaja jambo hilo. Redio ilikataa kuupiga, lakini watu waliucheza na kuuelewa. Nchini Burundi kwenyewe Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilionyesha kwamba mchezo wa redio juu ya maisha ya majirani wawili, "Umubanyi Niwe Muryango", waweza kuwafanya watu wazungumzie chuki iliyowatenganisha.

Tanzania imeona pia gharama yake. Langa Kileo, mwimbaji kijana aliyesema hadharani juu ya vita vyake na dawa za kulevya, alifariki mwaka 2013. Rehema Chalamila, ajulikanaye kama Ray C, alipojitokeza mwaka 2012 na kueleza kwamba anatibiwa, aliwaonyesha wengi kwamba tiba ipo. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa imeanza kutoa methadoni mwaka 2011, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia kiu ya heroini na kumwezesha mgonjwa kurudi kazini.

WIMBO WA NAMNA GANI?

Kutokana na mifano hiyo, mtunzi wa mwambao anaweza kupata mwongozo. Kwanza, aimbe nyumba moja badala ya kuhutubia taifa zima. Karo iliyopotea, wavu uliouzwa, mtoto anayemngoja baba gatini: vitu hivyo vyatosha. Pili, asimkejeli mgonjwa. Wimbo wa kumcheka mlevi huchekesha kilabuni, nao hunywewa pamoja na pombe. Tatu, asieleze jinsi dawa inavyotumiwa wala kuisifu raha yake. Nne, atumie lugha ya mahali. Rumonge ni mji wa Kirundi na Kiswahili, na wimbo waweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kama watu wenyewe wavukavyo. Tano, aache mlango wazi. Wimbo usioonyesha njia ya kutokea hufanana na taa inayomwonyesha mtu shimo bila kumwonyesha daraja.

Wakati mwafaka pia upo. Zile siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika, ndizo siku za muuza kanyanga. Zingeweza kuwa siku za ngoma, mashindano ya kwaya na mpira, na mvuvi akapata mahali pa kwenda pasipo chupa.

NYUMBANI NA KAZINI

Baada ya wimbo huanza kazi ya jamaa. Dalili za kuangalia ni fedha na vyombo kupotea, kubadili marafiki ghafla, kulala mchana bila sababu ya kazi, kukonda, kuacha kuoga na kukasirika upesi. Dalili moja haitoshi kumshtaki mtu. Zikikusanyika, yafaa kumwita faraghani akiwa hajalewa, na kuzungumza naye bila kelele.

Mambo mawili ya hatari yajulikane na kila nyumba. Aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu asikatishwe ghafla bila ushauri wa mganga wa hospitali, kwani kutetemeka na kifafa kinachoweza kufuata vyaweza kumwua. Na aliyeacha heroini kwa majuma kadhaa, awe alitoka hospitali au jela, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, kwa sababu mwili umeshasahau kukistahimili. Ukimkuta mtu amezimia, pumzi zake ni chache na midomo inageuka rangi, usimwache peke yake alale. Mlaze ubavu na umpeleke upesi kwenye kituo cha afya.

Kwa polisi na askari, kazi ina pande mbili. Anayesafirisha sumu kwa faida anastahili mkono wa sheria. Aliyenaswa nayo anahitaji sheria pamoja na tiba, kwani jela peke yake humrudisha kijijini akiwa na kiu ile ile na aibu iliyoongezeka. Na askari aonaye mwenzake wa kambini anaanza kuzama asidhani kwamba kumficha ni urafiki. Kumpeleka kwa daktari mapema ndiko kumwokoa, yeye na kazi yake.

Ziwa halitaacha kuwa na usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, wala fedha za samaki hazitaacha kufika mikononi mwa vijana. Lakini siku mama wa Rumonge atakapousikia wimbo unaotaja maumivu yake kwa lugha yake, huenda akatambua kwamba nyumba yake si peke yake, akafungua mlango na kumwita jirani. Hapo wimbo utakuwa umemaliza kazi yake, na kazi ya watu itakuwa imeanza.